Mgongo wa karani wa Nyegezi

Saa kumi na mbili asubuhi, mabasi ya kwanza yameshaondoka stendi ya Nyegezi. Nyuma ya kaunta ya ofisi ya tiketi, Mwaija Yassin amelala chali sakafuni, magoti kayakunja, anainua kiuno polepole na kukishusha. Jasho linamtoka.

“Dada, vipi, umeanguka?” abiria anachungulia.

“Nafanya mazoezi, kaka. Nipe dakika moja.”

Mwaija amekata tiketi miaka kumi na minne, kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika egemeo. Maumivu ya kiuno yalianza kwa kubisha hodi, kisha yakahamia kabisa.

Mama mkwe wake, mkazi wa Sengerema, alimfunga khanga kiunoni, ya kubana hasa, kama mzazi aliyetoka kujifungua. Akamkataza kuinama wala kubeba ndoo. Mwaija akatii miaka miwili. Nani abishane na mkwe? Tena mama wa watu alikuwa na nia njema, na hapo ndipo panapouma.

“Nilikuwa nikiifungua nahisi nakatika,” anasema Mwaija. “Nikajua ndiyo dawa yenyewe.”

Dorcas, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyempokea hospitalini, hakumficha. “Mama, misuli imelegea kwa kukosa kazi. Irudishe kazini kidogo kidogo. Ila usitegemee miujiza.”

Miujiza haijaja. Miezi mitatu ya mazoezi imemrudishia usingizi, na ndoo ya maji sasa anabeba mwenyewe. Lakini akikaa asubuhi nzima, kiuno kinawaka moto, inabidi asimame. Bosi anataka akae zamu nzima, amempa hadi mwisho wa mwezi. Inatia hasira: kiti kibovu hakijapewa onyo, kapewa karani.

Wiki iliyopita aliagizwa amfundishe kazi Yasmin, msichana mgeni. Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Alimfundisha, akiwa amesimama.

“Kulima siwezi, mizigo siwezi. Nikitoka hapa naenda wapi?” anauliza. “Nitaendelea na mazoezi. Naomba Mungu mgongo unifikishe jioni, basi.”

Juzi, abiria walipopungua, alimwita Yasmin nyuma ya kaunta.

“Njoo ulale hapa mdogo wangu, nikuonyeshe.”

“Mimi siumwi, dada.”

“Hata mimi nilikuwa siumwi.”