Tulivyomnyima udiwani mchinjaji wetu kwa sababu ya dini yake, Sengerema miaka ya tisini

Wakuu, habari za humu.

Wiki hii nimesoma nyuzi nyingi zinazosema Watanzania hatuangalii dini ya mgombea. Naomba nieleze jambo moja nililokuwepo. Majina nimebadilisha na kata siitaji. Nililoliona nitasema nimeliona, nililosikia nitasema nimesikia.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Siku hizi naishi Butimba, Mwanza, lakini wakati huo nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, mkulima wa pamba ng'ambo ya pili ya ziwa, Sengerema, kwenye kata ya kando ya ziwa.

Kata yetu ilikuwa na Wakatoliki wengi, na wazee waliokuwa bado wanatambika kwao. Waislamu zilikuwa familia chache tu pale senta.

Mmoja wao ni Mzee Athumani, mwenye bucha. Babu yake alitoka Tabora, yeye alizaliwa pale pale. Kisukuma alikijua kuliko mimi Masanja, Msukuma wa kuzaliwa.

Kwa wasiojua: huku kwetu ukiwa na harusi au msiba, ng'ombe humchinji mwenyewe. Unamwita Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale bila kuuliza maswali. Si sheria, ni desturi tu.

Kwetu aliyeitwa ni Athumani. Ubatizo, kipaimara, matanga, kote alichinja yeye. Akimaliza ananawa, anakaa na wazee, wanaendelea na stori.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao. Gunia ulilolibeba kwa shida begani, kwao lilikuwa jepesi. Athumani ndiye aliyetukusanya tukakataa kuuza mpaka mizani ibadilishwe. Ilibadilishwa.

Baada ya hapo wakulima wenyewe walimfuata wakamwambia agombee udiwani. Hakujipeleka.

Mpinzani wake alikuwa Bwana Lukas, mzee wa kanisa kwenye kigango chetu. Shemeji yake Lukas alikuwa wakala wa wale wale wanunuzi wa pamba, na kila mtu alijua hivyo. Kwa hiyo kilichokuwa mezani kilieleweka: nani atasimama kwenye mizani msimu ujao.

Mimi, Mkatoliki, nilikuwa katibu wa kampeni ya Athumani.

Mwanzo tulienda vizuri. Halafu nikaanza kuyasikia maneno. Mama Kabula, aliyekuwa na kilabu cha pombe ya kienyeji, aliniuliza waziwazi:

"Masanja, huyo mtu wako akipita, kilabu changu si atakifunga?"

"Mama, miaka yote anapita hapa mlangoni, amewahi kukufungia?"

"Alikuwa hana rungu. Mpe rungu uone."

Wateja wakacheka. Mmoja akadakia, "Na nguruwe wangu je, naye atasilimishwa?"

Tulicheka wote, hata mimi. Niliona ni utani wa kilabuni.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliwakuta watu wazima nje ya kanisa wakisema maneno yale yale bila kucheka. Mmoja, ambaye mahari ya binti yake tulikula nyama iliyochinjwa na Athumani, alisema, "Nyama tunakula kwa mkono wake. Na kata nayo tuiweke mkononi mwake?"

Nasisitiza kitu hapa. Padri hakusema neno. Najua humu mnapenda kuwabebesha viongozi wa dini kila kitu. Yale yalikuwa maneno ya waumini wenyewe, watu wema, waliokuwa wakisaidiana naye kila siku.

Tukafika siku ya kufunga kampeni. Kulikuwa na ng'ombe wa kulisha watu. Asubuhi nilipofika kwake, nikakuta kisu amekabidhiwa Petro, kijana wa kwaya.

"Shikamoo mzee. Mbona Petro?"

"Marahaba. Leo nisishike mimi. Nikishika watasema mnaona, ameshaanza."

"Na ndugu zako watakula nini?"

"Watanielewa. Ni siku moja tu, Masanja."

Nilimwambia sidhani kama ni sawa. Akanipiga bega, akaniambia niende nikapange viti.

Mchana watu walijaa. Ugali na nyama vikaanza kugawiwa. Baba yake mdogo Athumani, Mzee Juma, kabla ya kunawa aliuliza kama anavyouliza mtu yeyote wa dini yake: "Nani amechinja?"

Wakamwambia Petro.

Akaweka sahani chini. Hakupiga kelele. Alimwangalia tu Athumani akasema, "Mwanangu, sisi tumekuwa aibu yako?" Akaondoka, na familia zote za senta zikamfuata.

Wakabaki wengine, wanakula. Athumani alikuwa mbele kwenye meza ya wageni. Nyama ile naye hakuweza kuila. Mtu akamletea ugali na maziwa ya mgando, akawa anamega taratibu huku anatabasamu.

Ndipo mzee mmoja wa kutambika akasema kwa sauti: "Mgombea, mbona wewe huli? Umetuwekea nini humu?"

Wengine wakacheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Nasema kweli! Ng'ombe wake, shughuli yake, yeye anakunywa maziwa. Sisi ndio wa kujaribishia?"

Athumani akasimama kueleza. Lakini angeeleza nini? Kwamba nyama ni halali kwao ila kwake siyo? Kila sentensi aliyoanza ilimtenga zaidi na watu waliokuwa mbele yake. Niliona akina mama wakichukua sahani kutoka mikononi mwa watoto. Nyama ilimwagwa, wakuu, mbele ya mwenye nyama.

Miaka yote hakuna aliyewahi kuhesabu nani ni nani kwenye shughuli zetu. Siku ile tuligawanyika mchana kweupe, na aliyetugawa alikuwa anajaribu kutuunganisha.

Kura nilizisimamia mwenyewe kama wakala wake. Alishindwa mpaka kwenye kituo kilicho jirani na bucha yake. Waislamu wengi hawakujitokeza kabisa.

Msimu uliofuata magunia yetu yakawa mepesi tena. Tulipomwendea Lukas alisema bei na vipimo ni mambo ya soko. Waliomchagua walilia na sisi tuliomkataa, kwenye foleni moja.

Harusi ya kwanza baada ya uchaguzi kulikuwa na sufuria mbili na wachinjaji wawili. Hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Mpaka leo nikienda kijijini ndivyo ilivyo, na vijana wanadhani imekuwa hivyo tangu zamani.

Athumani alifunga bucha, akahamia Pasiansi. Uchaguzi mwingine ulipokaribia, nilivuka na pantoni kwenda kumwomba arudi agombee. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Masanja," akasema, "kabla ya kura nilikuwa mtu wa kule. Nyie ndio mlionifanya nikawa Mwislamu wa kule. Sasa nirudi kama nani?"

Tulikunywa chai, akanisindikiza hadi barabarani. Hatukuonana tena. Amezikwa Mwanza, kwao hajarudi.

Nilichojifunza hakina faraja. Mtu anaweza kuaminiwa kwa kila kitu, hata chakula cha watoto wetu, isipokuwa madaraka. Na nimeishi muda mrefu kutosha kuona hatujapona. Tumejifunza tu kutolisema kwa sauti.

Kama kwenu yalitokea tofauti, hasa ninyi wa Magu, Geita na Ukerewe, andikeni hapa chini nami nisome. Ningefurahi mnionyeshe nilipokosea. Wa kutukana dini za watu, uzi huu muupite.