Kifaa cha Samaki Chakaushwa Runyenjes

Nilikuwa kwa fundi wa simu mjini Runyenjes mzee mmoja, mfugaji wa samaki, alipoweka kwenye kaunta kifaa cha plastiki chenye umbo la yai.

"Hiki kinaelea bwawani, kinaonyesha samaki kwa simu," alisema. "Nimekijaribu mezani, hakiwaki. Mnunuzi anakuja leo na sijui hawa ndege korongo wanaokula samaki wameniachia nini."

"Kimeingia maji?" fundi akauliza.

"Hata bado. Nitatupaje majini kitu hakiwaki?"

Kwa mafundi wetu, kisichowaka kimelowa. Fundi alikizika kwenye mkebe wa mchele, kisha akakipuliza kwa mashine ya kukausha nywele. Wapi! Akapangusa vumbi la mchele kwa kitambaa kibichi, na taa yake ikawaka. Akakikausha haraka. Taa ikazima.

"Si ukirudishe kwa maji!" akasema mama aliyengojea simu yake.

"Mimi, mama? Nitie kitu cha umeme kwa maji? Niko na jina hapa."

Mzee akakitumbukiza mwenyewe kwenye ndoo ya kunawa. Simu yake ikalia. Akaisoma, akashika kichwa.

"Hakuna hata mmoja! Wamemaliza wote!"

"Mzee," fundi akamwambia polepole, "hiyo ni ndoo."