Tunda Si Chakula

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kazi yangu katika idara ya afya ya Houston ilikuwa kuwauliza watu waliougua tumbo walikula nini. Safari hiyo maabara ilikuta bakteria wa aina moja kwa watoto watatu wasiojuana: mmoja Euless, mmoja Garland, miji ya mbali kaskazini, na binti wa miaka mitano hapa kwetu, mtaa wa Sharpstown. Lazima kulikuwa na kitu walichokula wote. Kitu gani, hatukujua.

Mama wa binti huyo alikuwa Mkongo. Alinikaribisha vizuri, ila macho yalikuwa yamemvimba.

"Dada, ni mimi njo nilimuletea mutoto ugonjwa," alisema. "Docteur alisema ni chakula. Na chakula ni mimi napika."

Tangu mtoto atoke hospitali, hakumpikia tena. Alimpa mkate na supu za kopo, na hata kumshika aliogopa. Mtoto alikaa peke yake pembeni ya kochi, nami roho iliniuma.

Nikamuuliza mtoto alikula nini wiki ile kabla ya kuugua. Bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Kesho yake? Bugali na samaki. Maswali yetu yalitungwa na watu ambao kwao hata zabibu moja ni chakula, na yalikuwa yakiniudhi siku zote. Mimi nimelelewa na mama wa Mombasa. Umalize sinia zima la maembe, bado atakuuliza kwa nini hujala tangu asubuhi.

"Na matunda je, dada?"

"Ah! Matunda si chakula."

"Melon," mtoto akadakia. "Every day, Mama."

Lilikuwa lile tikiti dogo lenye nyama ya rangi ya chungwa. Tukawauliza upya wazazi wa Euless na Garland. Watoto wao pia walilila. Baadaye maabara ikawakuta bakteria walewale kwenye matikiti ya ghala moja.

Sikutaka kumwambia yule mama wa Sharpstown kwa simu. Nilikwenda, nikamweleza kwamba ugonjwa uliingia nyumbani na lile tunda, haukutoka kwenye sufuria yake. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo haikuwa mikono yangu?"

"Haikuwa mikono yako, dada."

Akamvuta mtoto mapajani, akamkumbatia huku analia. Na mimi nililia, kazi au si kazi.

"Too tight, Mama," mtoto akalalamika.

Hakumwachia.