Kambi Niliyoichora Bwegera

Cheka utakavyo, msomaji. Kuchora ramani sitaacha. Vita vilipowafukuza watu wa Mutarule, nilitazama picha ya setilaiti kwenye kompyuta yangu mjini Uvira, nikaona miraba myeupe ikimeta kando ya kijiji cha Bwegera. Nikaandika kwa fahari: "Kambi ya wakimbizi." Kesho yake nilishusha blanketi zao mbele ya miraba yenyewe: maturubai meupe ya kuanikia mpunga.

"Ramani haidanganyi," nilimng'ang'ania mama mwenye mpunga. "Wakimbizi wako hapa!"

Aliendelea kuugeuza kwa mguu.

"Weye, huu ni mupunga wangu! Wakimbizi iko mu nyumba yangu, wamelala mu kitanda changu. Picha yako haioni chini ya mabati?"