Ukoo wa Mbuzi Katika Darasa la Gumbaru

Siku hizi nafundisha Mukuyuni, kwenye darasa lenye stima na viti vya plastiki, lakini nikitulia ni Tseikuru ninayoikumbuka. Huko nilifundisha gumbaru, masomo ya watu wazima, ndani ya kanisa la mabati, alasiri.

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa miaka arobaini hivi. Alikuja kila siku, lakini tulipoanza kuimba silabi, ba be bi bo bu, aliziba masikio akatoka kusimama nje ya dirisha. Nilidhani anatudharau. Siku moja nikamwambia mbele ya wote, "Mzee, kama hutaki kusoma, usitusumbue." Hakuniangalia usoni. Akaenda zake.

Dada yake, aliyekuwa mwanafunzi wangu pia, alibaki wenzake walipotoka. "Mwalimu," akasema, "huyo makelele inamuumiza tangu utoto. Shuleni walimchapa mpaka akaacha. Lakini enda umuulize juu ya mbuzi."

Asubuhi yake nilimfuata zizini nikiwa na aibu. Nikamwomba msamaha, kisha nikauliza habari za mbuzi mwekundu aliyekuwa karibu. Akanitajia mama yake mbuzi huyo, nyanya yake, yupi alikufa wakati wa kiangazi, yupi alizaa mapacha, vizazi sita bila kusita. Halafu akaanza na mwingine. Jua lilipanda tukiwa bado tumesimama pale.

"Tuyaandike haya?" nikamwuliza.

Alimtazama yule mwekundu. "Yataenea kwa daftari?"

Tangu hapo tulisoma wawili, polepole, kwa sauti ya chini. Maneno yake ya kwanza yalikuwa mwekundu, pembe, mapacha. Kanisani nako niliacha kuimbisha watu, na ndipo nikagundua kwamba wengine wawili walikuwa wakifungua midomo tu wimboni, bila kujua herufi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipofika, alikuwa amejaza daftari zima kwa herufi kubwakubwa. Daktari wa mifugo alikuja kutafuta beberu wa mbegu nzuri, watu wakamwelekeza kwake. Daktari alisoma kurasa kadhaa akiwa amesimama.

"Nani alikuandikia?"

"Ni mimi," akasema, akiwatazama mbuzi.

Dada yake, aliyekuwa nasi pale zizini, alijifuta macho kwa leso. Nimefundisha wengi tangu siku hiyo, na bado naitamani ile furaha ya kusimama kando, bila la kuongeza.