Mshinda Tuzo wa Igurwa

Siku mahakama ilipovunja ndoa yangu, karani alinisomea maneno ya mwisho ya hukumu, kwamba mimi ni mshinda tuzo na aliyekuwa mume wangu ni mdaiwa. Nilimwomba arudie. Sijawahi kushinda hata bahati nasibu ya harambee ya kanisani, nikadhani ameshika karatasi ya mtu mwingine. Akacheka, akanieleza kwamba tuzo kwa lugha yao ni kile ambacho mahakama imeamua upewe. Mimi nilikuwa nimepewa nusu ya shamba la Igurwa. Nilipofika nyumbani Nyakasimbi, kaka yangu alilidaka neno lile, na tangu siku hiyo kila nilipoingia alisema mshinda tuzo amerudi, apewe kiti. Mwanzoni tulicheka wote.

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka, mtu asije akadhani nilikwenda mahakamani kwa uchu wa mali. Nilitaka mahali pa kukata mkungu wa ndizi bila kumwomba mtu. Baada ya ndoa kuvunjika nilirudi kwa kaka, kwenye kibanja alichoachiwa na baba, anakoishi na mama yetu. Kwetu kibanja ndiyo nyumbani. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, mibuni iko chini ya migomba, na makaburi ya ukoo yako pembeni. Kaka hakuwahi kuninyima kitu. Lakini kila nilipotaka kupika ilinibidi nimuulize nikate mkungu upi, na yeye aache anachofanya aje anionyeshe. Mwanamke mwenye wajukuu, mwenye watoto wanaofanya kazi Mwanza, anasubiri kuonyeshwa chakula. Hilo lilinichoma kuliko talaka yenyewe.

Na kibanja cha Igurwa nilikuwa nakijua kwa mgongo wangu. Nilipoolewa kilikuwa kimechoka, migomba myembamba, udongo umebaki mweupe. Nilibeba nyasi kichwani kutoka rweya, ile mbuga ya wazi isiyo na mwenyewe, nikazitandaza kila msimu. Nilibeba samadi. Miche ya migomba niliiomba kwa mama, nikaisafirisha kwa baiskeli ya kukodi. Kwa hiyo niliposikia neno nusu, nilianza kupanga moyoni jiko langu nitaliweka upande gani.

Nilirudi mahakamani kuuliza nitakabidhiwa lini. Karani, kijana mpole aliyehamia kwetu kutoka mikoa ya mashariki, akaniambia hukumu haijitekelezi yenyewe, ni lazima ikazwe. Nilidhani hukumu ikishatoka kwa hakimu na muhuri juu yake huwa imekaza tayari. Kumbe hapana. Unaandika maombi ya kukaza hukumu, unayalipia, mdaiwa anaitwa aje aseme kwa nini isikazwe, anayempelekea wito unamlipia pikipiki, na mdaiwa asipoonekana nyumbani unamlipia pikipiki tena. Mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kumpeleka hata kliniki ya macho kwa kuwa hapendi kutoka nyumbani, akawa mtu wa safari. Pikipiki ikienda asubuhi, amekwenda Bweranyange. Ikienda jioni, bado hajarudi.

Hatimaye alipatikana, na mahakama ikamteua dalali wa kuja kunikabidhi. Dalali wa mahakama si yule wa kuuza nyumba na viwanja. Huyu ndiye mkono wa mahakama, anakuja na hati yake na askari wake. Alitoka Bukoba kwa gari. Mafuta ya gari yalikuwa juu yangu, chakula chao juu yangu, posho ya askari juu yangu, na ada yake yeye nilitanguliza. Nilitoa nilichoweka kwa kushona nguo pale Omurushaka, nikauza na cherehani yenyewe. Nilijiambia cherehani nitanunua nyingine nikishauza kahawa yangu ya kwanza.

Tulifika Igurwa, na mume wangu akatupokea vizuri kuliko wakwe. Alitoa viti nje, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akamuuliza dalali habari za Bukoba na za mvua. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mtu mzima anayeheshimika. Dalali akasoma hati: mdaiwa amkabidhi mshinda tuzo nusu ya shamba lililopo Igurwa. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akasimama, akasema hana tatizo na mahakama, tumfuate akatuonyeshe shamba.

Akatutoa kwenye kibanja. Tukavuka bonde, tukapanda upande wa pili hadi rweya, mahali ambapo kila kaya huwa na musiri wake, kipande cha njugu mawe na mihogo, udongo wa changarawe. Ukilima mwaka huu, mwakani unakipumzisha. Akasimama katikati ya mihogo akasema, "Shamba ni hili. Mama watoto achague upande anaoutaka."

Nilimwambia dalali huyu mtu anatucheza, shamba ni kule tulikotoka. Dalali akamgeukia mwenyekiti. Nikaona mwenyekiti anavyoumia, kisha akasema ukweli wake. Kwa watu wa pale, kule kwenye migomba ni kibanja, ni nyumbani. Mtu akisema anakwenda shamba, anakuja huku.

Na hakudanganya. Hasira yangu ilikosa pa kushika, maana mimi mwenyewe nilisema hivyo maisha yangu yote. Nikimwambia jirani naenda shamba, nimebeba jembe naelekea rweya. Siku ya ushahidi nilisema kibanja, na karani akaniuliza kibanja ndiyo kiwanja cha kujenga? Nikasema hapana, ni kwenye migomba, kahawa na nyumba. Akasema basi hilo ni shamba, Kiswahili chake ni shamba, akaandika hivyo, na kwa alikotoka alikuwa sahihi kabisa. Hakimu akasoma kilichoandikwa. Ndivyo kibanja changu kilivyohama kutoka kwenye migomba kikaenda kukaa kwenye changarawe, bila mtu yeyote kukusudia.

"Mama, mimi nakabidhi kilichoandikwa," dalali aliniambia. Hakuwa na ubaya. Alipima ule musiri kwa hatua zake, akanionyesha nusu yangu, nikaweka dole gumba, akaondoka na askari wake. Nilirudi Nyakasimbi nikiwa na nusu ya mihogo. Kaka aliponiona hakusema mshinda tuzo. Aliondoka mwenyewe kwenda kukata ndizi.

Ilibidi nitafute wakili, kwa sababu kurekebisha neno ndani ya hukumu ni kesi nyingine. Wakili wa Kayanga alinisikiliza vizuri, akasema jambo langu ni jepesi sana. Nimejifunza kuogopa neno hilo. Jambo jepesi lilihitaji faili kufunguliwa, kiapo kuandikwa, kiapo kuchapwa, nakala ya hukumu kuombwa na kulipiwa, na wito mwingine kwa mume wangu, ambaye alikuwa ameanza tena kusafiri. Naye akaja na wakili wake. Siku moja hakimu yuko semina. Siku nyingine wakili wangu ana kesi Bukoba, nimejua hayo nikiwa nimeshapanda pikipiki na kushuka. Siku nyingine mume wangu anaumwa mgongo. Kila ahirisho ni safari, na kila safari wakili huhesabu kwamba amekuja, hata kama alichofanya ni kusimama, kuinama kwa heshima, na kukaa.

Sikuwa na cha kuuza tena. Mama ndiye aliyesema tuuze kahawa yake kwa butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Tajiri anakuja, anatazama matawi, anakupa kidogo sasa, na siku ya mavuno anachuma yeye. Imekatazwa, na watu wanafanya. Mama alikuwa na mibuni yake michache aliyotengewa na baba, ndiyo sabuni yake, ndiyo sadaka yake, ndiyo dawa yake ya presha. Nilikataa, na sikukataa kwa nguvu. Yule tajiri alikuja, mfanyabiashara mstaarabu wa mjini, akamsalimia mama shikamoo, akatazama maua kwa jicho la haraka, akalipa. Nilipeleka kwa wakili mchana huo huo, nisije nikabadili mawazo. Mavuno yalipofika mama alikaa ndani na mlango umefungwa hadi wachumaji walipoondoka.

Tulishinda. Mahakama ilisema kwamba neno shamba katika hukumu lisomwe kuwa ni kibanja, pamoja na migomba, mibuni na nyumba iliyomo. Wakili alinipa mkono. Nilingoja furaha ije, haikuja. Nilimuuliza sasa kinafuata nini, akasema sasa tunakaza upya. Dalali atoke tena Bukoba, safari hii na askari zaidi kwa kuwa mdaiwa ameonyesha ukaidi, na mpimaji wa kuweka mipaka kati ya migomba. Akanitajia kiasi. Kilikuwa karibu na bei ya kile chenyewe tunachokwenda kuchukua. Akaona uso wangu, akaniambia nisihofu, gharama zote hizo mahakama itaamuru mdaiwa anirudishie. Nikamuuliza asiponirudishia nitafanyaje.

Akasema, "Tutakaza."

Nilicheka pale ofisini kwake hadi katibu wake akachungulia. Halafu nikalia kidogo, nikapanguza uso kwa khanga, nikaenda kutafuta pikipiki.

Yule mwenyekiti wa kitongoji alikuja Nyakasimbi baada ya hapo, jioni, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya kaka. Aliniita shemeji kama zamani. Alisema mume wangu naye amekwisha, ng'ombe ameuzwa, kahawa ya kibanja chote imekwenda kwa butura kumlipa wakili wake, na nyumba inavuja. Zamani habari hizo ningezipikia pilau. Siku hiyo nilisikia uchovu tu, nikamwona mume wangu kule na mimi huku, kila mmoja anakula kibanja kile kile kwa upande wake. Mwenyekiti akaeleza kilichomleta. Ukoo wa mume wangu uko tayari kuinunua nusu yangu. Dalali asije, askari wasije, makaburi ya wazee yasipitiwe na kamba ya mpimaji.

Bei waliyosema ilikuwa ndogo, na walijua kwa nini ni ndogo. Hakuna mtu wa nje atakayenunua nusu ya kibanja chenye makaburi ya ukoo wa wengine. Mnunuzi alikuwa mmoja tu duniani. Kaka alinishauri nikatae, nipambane hadi mwisho, eti nimeshafika karibu. Karibu na nini? Nilimtazama mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa, akasema neno moja kwa Kinyambo, kwamba nipumzike. Hapo nikakubali. Sikushindwa kesi, nilichoka, na kama sheria inaona tofauti kati ya hayo mawili mimi sijaiona.

Tulikwenda kuandikiana Igurwa, mbele ya mwenyekiti. Mume wangu alikuwa amekonda. Alinitumia fedha za ukoo kwa simu, ujumbe ukaingia, nikausoma, nikatia sahihi, naye akatia. Fedha hizo nilishajua zinakokwenda: deni la wakili, na kilichobaki ni cha kumnunulia mama dawa na sabuni hadi mibuni yake izae tena. Aliponirudishia kalamu akasema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, tungeongea tu."

"Nilikuwa naongea," nikamwambia. "Nimeongea humu ndani tangu nilipoolewa."

Mwenyekiti akakohoa, akasema chakula kipo.

Mke mpya wa mume wangu ndiye aliyepika. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Ni binti mdogo, anaweza kuwa rika la mwanangu wa pili, na alikuwa ananiogopa. Alipiga magoti akanisalimia shikamoo, akaninawisha mikono, akaniwekea bitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mbele yangu kabla ya wanaume. Alikuwa ametandika jani la mgomba vizuri, na chakula kilikuwa kimeiva vizuri pia. Nilitafuta kosa nikalikosa. Alinikaribisha ndani nikapumzike, nikasema hapana, nina safari.

Nilipoaga, aliniomba nisubiri. Alichukua panga akaingia migombani upande wa jikoni, ule upande niliokuwa nimeuchagua moyoni tangu siku ya hukumu, na kwa muda nilisikia tu majani yakivunjika. Akatoka na mkungu mkubwa begani, utomvu unamdondokea kwenye nguo. Akauweka chini mbele yangu, akapiga magoti tena, akasema, "Mama, usiondoke mikono mitupu. Chukua kidogo, wakaonje nyumbani."

Mizizi ya mgomba ule ilitoka Nyakasimbi, kwa mama, kwenye baiskeli ya kukodi. Lakini yule binti alikuwa hajui, na hapakuwa na mahakama ya kumweleza. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, kama mgeni yeyote anavyoshukuru.