Babu Yenu Alipoota Matiti

Wajukuu zangu, watu wa Ugalla watawaambia babu yenu aliuawa na nyuki. Wanajua wanachokificha. Alikufa kwa saratani ya tezi dume, na aibu ikaisaidia.

Miaka ile ya tisini mkojo ulimziba, mgongo ukamuuma mpaka akawa analala ameketi. Hospitalini Mpanda daktari akampa vidonge, akatuambia wazi kwamba ni homoni za kike, zitaufubaza ugonjwa. Na kweli. Mkojo ukatoka, mgongo ukatulia, akashika tena shoka lake la kuchongea mizinga.

Halafu kifua kikavimba. Matiti kabisa, kama ya msichana anayevunja ungo, na yanauma ukiyagusa. Likaja na joto: amekaa kivulini, ghafla jasho linamchuruzika kama amebeba gunia. Joto hilo nililijua, lilinipitia nilipokoma hedhi. Nikamfanyia nilivyojifanyia mwenyewe: kitambaa cha maji shingoni, uji upoe ndipo anywe. Kifua nikamfunga kipande cha kanga kuukuu, bila kukaza, shati lisimkwaruze. Kitandani hapakuwa na shughuli tena. Nikamwambia watoto nimeshazaa wa kutosha, yeye ameze dawa.

Tungefika mbali. Lakini msimu wa kurina asali ukaingia, na wenzake hawapandi mtini na shati, maana nyuki wakinasa ndani yake wanakumaliza. Wote vifua wazi. Mdogo wake akaja kupanga safari, akamkuta anaoga uani.

"Kaka, mtoto yuko wapi? Maziwa yanamwagika."

Akacheka peke yake. Tangu siku hiyo mume wangu akaacha vidonge, akitaka matiti yanywee kabla hajaenda porini. Nikamwambia kaburini hawamkagui mtu kifua.

"Mama watoto, niache niende kama mwanaume," akasema.

Hayakunywea. Akapanda mtini na shati lake, nyuki wakajaa humo. Wenzake wakamrudisha kwenye keria ya baiskeli. Uvimbe wa nyuki ulipona. Mgongo ndio ulirudi, na mkojo ukaziba. Akapewa tena vidonge vilevile, akavimeza kwa pupa. Safari hii havikufua dafu.

Mdogo wake akaja na ndoo ya asali, anataka kuingia amsalimie mgonjwa. Nikasimama mlangoni.

"Shemeji, ulishamwona. Inatosha."

Mume wangu akauliza kutoka ndani ni nani. Nikamjibu hakuna mtu.